Dawa ya Maumivu Inapozidisha Maumivu

Maandishi ya mada iliyowasilishwa kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, wauguzi, na jamaa wanaouguza wagonjwa waliotoka kwenye upasuaji.



Mada ya leo inahusu watu wengi kuliko inavyodhaniwa. Wako kina mama wanaojifungua kwa upasuaji, waendeshaji wa bodaboda waliovunjika miguu, wazee wenye ngiri, vijana waliotolewa kidole tumbo, na watoto walioungua. Wote hawa wanapotoka thieta hutarajia jambo moja: wapewe dawa, na maumivu yapungue. Kwa wagonjwa wengi ndivyo inavyokuwa.

Hata hivyo, wako wachache ambao mambo yao huenda kinyume. Mgonjwa anapewa dawa kali, anaongezewa, na kila anapoongezewa anasema anaumwa zaidi. Mguso wa shuka tu unamfanya apige kelele. Jamaa wanashangaa. Muuguzi naye anaweza kuanza kushuku kwamba mtu huyu anaipenda sindano. Kumbe huenda mgonjwa anasema kweli tupu, na dawa yenyewe ni sehemu ya tatizo.

Kabla ya kuendelea, jambo moja liwe wazi. Mada hii haikusudii kumtisha mtu aikatae mofini. Nchini Kenya wagonjwa wengi zaidi huteseka kwa kukosa dawa ya maumivu kuliko kwa kupewa nyingi. Lengo ni kwamba mgonjwa apate nafuu kwa dawa inayofaa, kwa kiasi kinachofaa, na aaminiwe anaposema hali yake.

DAWA ZENYEWE NI ZIPI?

Dawa za maumivu si kundi moja. Kuna za kawaida kama parasetamoli. Kuna zinazotuliza uvimbe, kama ibuprofeni na diklofenaki. Kuna dawa za ganzi zinazouzima mshipa wa fahamu kwa muda. Halafu kuna dawa za jamii ya afyuni, na hizi ndizo zinazozungumziwa hapa.

Afyuni, ambayo wazee wa Pwani waliijua pia kwa jina la kasumba, ni utomvu wa mmea wa mpopi. Mwanzoni mwa karne ya 19, mfamasia Mjerumani aitwaye Friedrich Sertürner alitenga ndani ya utomvu huo kiini chenye nguvu, kikaitwa mofini. Tangu hapo zimetengenezwa dawa nyingine za jamii hiyo: kodeini, pethidini, tramadoli, fentanili, remifentanili na methadoni. Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, nayo ni ya jamii hiyo hiyo.

Dawa hizi hufanya kazi kwa kushika milango fulani iliyo juu ya chembe za fahamu, kwenye ubongo na uti wa mgongo. Zikiishika, habari ya maumivu inayopanda kutoka kwenye kidonda hupunguzwa nguvu. Mtu hubaki na kidonda chake, lakini uchungu haumtawali tena. Ndiyo maana mofini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha hiyo ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1977.

JAMBO HILI SI GENI

Mwaka 1870 daktari Mwingereza, Clifford Allbutt, aliandika makala katika jarida la utabibu akionya kuhusu sindano za mofini. Huyu ndiye aliyebuni kipimajoto kifupi cha hospitali, mfano wa kile ambacho wauguzi wametumia kwa vizazi. Allbutt aliona kwamba baadhi ya wagonjwa waliochomwa mofini kwa muda mrefu hawakuwa wakipona maumivu. Alijiuliza iwapo dawa ile haikuwa ikiyakuza maumivu yale yale iliyoletwa kuyaondoa.

Swali lake lilikaa kwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya kupimwa ipasavyo katika chumba cha upasuaji. Mwaka 2000 madaktari nchini Ufaransa walichapisha utafiti wa wagonjwa 50 waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo. Kundi moja lilipewa remifentanili kwa wingi wakati wa upasuaji. Kundi la pili lilipewa kidogo, na badala yake likategemea zaidi hewa ya usingizi.

Mtu angetegemea kwamba waliopewa dawa nyingi ya maumivu wangeamka wakiwa na nafuu zaidi. Haikuwa hivyo. Waliamka na maumivu makali zaidi, na wakahitaji mofini mapema zaidi. Katika saa 24 za kwanza walitumia takriban miligramu 59 za mofini, ilhali wenzao walitumia takriban 32.

Miaka mitano baadaye watafiti wa Ufaransa walitumia njia nyingine. Waligusa ngozi inayozunguka kidonda, wakipima ni umbali gani kutoka kwenye mshono mguso mwepesi bado unauma. Kwa waliopewa remifentanili nyingi, eneo lenye uchungu lilikuwa kubwa zaidi, ingawa mshono ulikuwa wa aina ile ile. Kwa waliopewa pia ketamini kidogo, hali hiyo ilizuiwa.

Mwaka 2014 matokeo ya tafiti 27, zenye wagonjwa wapatao 1,500, yaliwekwa pamoja. Ilibainika kwamba kipimo kikubwa cha dawa hizi wakati wa upasuaji kiliandamana na maumivu zaidi baadaye. Tofauti yenyewe haikuwa ya kutisha: katika saa ya kwanza ilikuwa chini ya pointi 10 kwenye kipimo cha pointi 100, na ilipungua kadiri saa zilivyosonga. Tafiti nyingi kati ya hizo zilihusu remifentanili, dawa yenye nguvu inayoisha mwilini kwa dakika chache na ambayo haipatikani kila hospitali.

Kwa hiyo picha kamili ni hii. Hali hii ipo kweli. Huonekana wazi zaidi dawa inapotolewa kwa wingi, au inapotumiwa kwa muda mrefu. Kwa mgonjwa wa kawaida aliyepewa mofini kwa kiasi cha kawaida kwa siku mbili au tatu baada ya upasuaji, si jambo la kumnyima usingizi.

NINI HUTOKEA MWILINI?

Madaktari huiita hali hii haipaaljizia, maana yake ni mwili kuwa mwepesi mno wa kuhisi maumivu.

Chukua mfano wa boma lenye mlinzi langoni. Kazi yake ni kuamsha wenye nyumba akiona hatari. Wenye nyumba wakichoshwa na kelele zake wakamziba mdomo, mlinzi mwenye bidii hatalala. Ataleta mbwa, ataongeza taa, atafunga kengele kwenye ua. Siku kitambaa kikitolewa mdomoni, hata paka akipita boma zima litaamka.

Mwili hufanya jambo linalofanana na hilo. Dawa ya jamii ya afyuni inapozima habari ya maumivu kwa nguvu, uti wa mgongo na ubongo hujirekebisha upande wa pili. Kuna milango mingine kwenye chembe za fahamu inayohusika na kukuza habari ya maumivu. Milango hiyo huanza kufanya kazi kupita kiasi. Njia zinazoshuka kutoka kwenye ubongo, ambazo kwa kawaida zinaweza kutuliza maumivu, zinaweza kuanza kuyachochea. Matokeo yake ni kwamba maumivu madogo huhisiwa makubwa, na mguso usiouma hugeuka kuwa uchungu.

Kinachouma hapo si kidonda peke yake. Ni mfumo mzima wa fahamu uliokaa macho. Ndiyo sababu maumivu haya mara nyingi hayatulii mahali pamoja. Mtu aliyepasuliwa tumbo anaweza kuhisi uchungu mpaka mgongoni na mapajani, na hata asiweze kuonyesha kwa kidole pale panapouma.

Yapo pia maumivu yanayotokana na dawa kukatwa ghafla. Mtu aliyezoea dawa hizi kwa wiki kadhaa akizikosa, mwili mzima humuuma, hutoka jasho, kamasi humtiririka, na tumbo humsokota. Hali hiyo nayo humfanya awe mwepesi wa kuumia.

MAMBO MATATU YANAYOFANANA

Mgonjwa anaposema dawa haimsaidii, sababu zinaweza kuwa kadhaa. Tatu kati ya hizo zisichanganywe, kwa kuwa tiba zake ni tofauti kabisa.

La kwanza ni tatizo kwenye kidonda chenyewe. Hili ndilo la kuchunguzwa kabla ya yote. Huenda kuna usaha, huenda damu inavuja ndani, huenda mshono umeachia. Mtu aliyefungwa plasta mguuni akilia kwa maumivu yanayozidi, vidole vikiwa vya baridi, vimekufa ganzi au haviwezi kukunjuka, asiambiwe avumilie. Huenda uvimbe umebana mishipa ndani ya plasta, na kuchelewa kwa saa chache kunaweza kumgharimu mguu. Hakuna mtu anayepaswa kusema ni dawa iliyozidisha maumivu kabla kidonda hakijaangaliwa.

La pili ni mwili kuzoea dawa. Kiasi kilichotosha wiki iliyopita hakitoshi tena wiki hii. Hapa maumivu hukaa pale pale yalipokuwa, na daktari akiongeza kipimo, nafuu hurudi.

La tatu ndilo kiini cha mada hii. Dawa inaongezwa, lakini maumivu hayapungui, au yanapanda. Yanasambaa kupita eneo la upasuaji. Ngozi isiyo na kidonda inauma ikiguswa. Na daktari akipunguza dawa kwa utaratibu, jambo la kushangaza hutokea: mgonjwa hupata nafuu.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Katika jambo la pili methali hiyo inaweza kufaa. Katika la tatu, ni sawa na kumwaga mafuta jikoni. Hatari kubwa zaidi ya kuongeza dawa bila kufikiri ni kwamba mwili unaweza kuwa mwepesi wa kuumia huku pumzi ikiendelea kulegezwa na dawa ile ile. Mtu anaweza kuwa analalamika kwa maumivu saa moja, na saa inayofuata amelala usingizi mzito ambao haamki, akipumua polepole mno.

WALIO KATIKA HATARI ZAIDI

Wapo watu wanaofika hospitalini mfumo wao wa fahamu tayari umebadilika. Hao ndio wanaohitaji kuangaliwa kwa makini kabla ya kupasuliwa.

Kundi la kwanza ni wanaotumia mofini kwa muda mrefu kwa sababu ya saratani. Kundi la pili ni wenye ugonjwa wa selimundu ambao wamechomwa pethidini au mofini mara kwa mara. Kundi la tatu ni wanaomeza tramadoli au kodeini kila siku, wengine kwa kuandikiwa na wengine kwa kujinunulia.

Kundi la nne linahitaji kutajwa bila kuficha: wanaotumia unga, na waliouacha ambao sasa wako kwenye tiba ya methadoni. Kenya ilianza kutoa tiba hiyo mwaka 2014 katika hospitali ya Mathari jijini Nairobi, na baadaye kliniki zikafunguliwa Pwani na kwingineko. Imewarudisha watu wengi kwenye familia na kazi zao.

Watu hawa nao hupata ajali, hujifungua na huvunjika mifupa kama mtu mwingine yeyote. Wakilazwa, mara nyingi hukutana na ukuta. Akisema anaumwa, huambiwa anatafuta dawa. Jina la teja humfuata mpaka kitandani.

Sayansi inasema jambo tofauti. Katika utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2001, watu walio kwenye methadoni na watu wasiotumia dawa hizo waliombwa waingize mkono katika maji ya barafu. Walio kwenye methadoni walishindwa kuvumilia mapema zaidi. Hawakuwa wakiigiza. Mfumo wao wa fahamu unauhisi uchungu kwa wepesi zaidi, wakati huo huo mwili wao umezoea dawa kiasi kwamba kipimo cha kawaida cha mofini hakiwatoshi.

Tena methadoni anayokunywa asubuhi kliniki haihesabiwi kuwa dawa ya kidonda chake. Hiyo inamzuia asipatwe na arosto. Kidonda kinahitaji mpango wake wa ziada. Kumwambia kwamba tayari ana dawa mwilini ni sawa na kumnyima.

HOSPITALI INAWEZA KUFANYA NINI?

Jibu la kitaalamu halihitaji mitambo ya gharama kubwa. Ni kutotegemea dawa moja. Maumivu hupita njia nyingi, basi yazuiliwe kwenye kila njia kwa kiasi kidogo kidogo.

Ganzi ndiyo ya mbele. Mama anayepasuliwa chini ya ganzi ya mgongo, au mgonjwa anayechomwa ganzi kwenye mshipa wa fahamu wa mguu uliovunjika, hupata nafuu kubwa bila kumwagiwa mofini mwili mzima. Hata daktari akichoma ganzi pembezoni mwa mshono kabla ya kufunga kidonda, saa za kwanza huwa rahisi zaidi.

Parasetamoli hufuata, na hapa kuna kosa linaloonekana mara nyingi: kuidharau. Ikitolewa kwa saa zake bila kusubiri mgonjwa alie, hupunguza kiasi cha mofini kinachohitajika. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi asipitishe gramu 4 kwa siku, yaani tembe 8 za miligramu 500. Mwenye ugonjwa wa ini au mwili mdogo hupewa chini ya hapo.

Ibuprofeni au diklofenaki huongezwa kwa anayeziweza. Hazimfai kila mtu. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye matatizo ya figo, anayetokwa na damu nyingi, na mama mjamzito wasipewe bila daktari kuamua.

Ketamini ni silaha nyingine, na wahudumu wengi wa thieta wanaijua vizuri. Kwa kipimo kikubwa hulaza mtu usingizi. Kwa kipimo kidogo huifunga ile milango inayokuza maumivu. Ndiyo sababu iliwasaidia wagonjwa wa utafiti wa Ufaransa. Kazi hii ni ya mtaalamu wa usingizi peke yake, aliye na vifaa vya kufuatilia pumzi na moyo.

Mofini nayo hubaki mahali pake. Hutolewa kwa kiasi kinacholingana na maumivu, hupimwa matokeo yake, na hupunguzwa siku zinavyosonga. Ikionekana kwamba imeanza kuyazidisha, daktari huweza kuipunguza kwa hatua, au kumhamishia mgonjwa kwenye dawa nyingine ya jamii hiyo.

Kwa muuguzi, chombo kikubwa ni swali. Kuuliza "Mama, unaumwa?" kunaleta jibu la ndiyo au hapana. Yapo maswali yanayofichua zaidi:

"Mama, kutoka sifuri hadi kumi, maumivu ni mangapi sasa?"
"Ni nane, mwanangu."
"Kabla ya sindano yalikuwa mangapi?"
"Yalikuwa sita."
"Yako wapi hasa?"
"Sasa hata siwezi kukuonyesha. Ni mwili mzima."

Mazungumzo hayo mafupi yakiandikwa kwenye faili, daktari wa zamu atajua kwamba hapa si suala la kuongeza sindano tu. Kama faili linasema "mgonjwa analalamika", hatajua lolote.

MGONJWA NA JAMAA WAFANYE NINI?

Kabla ya upasuaji, mgonjwa aseme dawa zote anazotumia. Zote maana yake ni za hospitali, za kemisti, za kienyeji, pombe, na za mtaani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mtaalamu wa usingizi hamuulizi ili ampeleke polisi. Anamuuliza ili ajue kiasi gani cha dawa kitamlaza salama na kiasi gani kitamtuliza akiamka. Kama kuna jambo ambalo mtu hawezi kulisema mbele ya jamaa zake, aombe kuzungumza faraghani.

Aliye kwenye methadoni asiiache kwa kudhani anajitayarisha kwa upasuaji. Aieleze kliniki yake tarehe ya kulazwa, na awaeleze wa wodini jina la kliniki na kipimo chake, ili wahudumu wa pande mbili wazungumze. Dozi nyingi hunywewa kliniki mbele ya mhudumu, hivyo akilazwa ghafla, jamaa apeleke habari siku hiyo hiyo. Akikosa dozi kwa siku kadhaa asirudie kipimo cha zamani mwenyewe. Mwili huwa umeshapoteza uzoefu, na kipimo hicho kinaweza kumzimisha pumzi.

Anayemeza tramadoli kila siku naye aseme, na asiikate ghafla bila ushauri.

Akiwa wodini, mgonjwa aeleze maumivu kama yalivyo. Asijikaze ili aonekane shujaa, kwa kuwa asiyeweza kukohoa wala kushuka kitandani hupata matatizo ya mapafu na damu kuganda miguuni. Akiona kila sindano inaleta uchungu zaidi, aseme hivyo kwa maneno hayo hayo. Jamaa anayekaa naye aangalie pia pumzi. Mgonjwa aliyelala fofofo, haitiki akiitwa, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, au midomo inabadilika rangi, aitiwe muuguzi mara moja.

Akirudi nyumbani, anywe dawa kwa saa na kwa kiasi alichoandikiwa. Kuna mazoea mabaya ya jirani kuleta vidonge vilivyobaki vya mtu mwingine, au ya kwenda kemisti kuomba tramadoli yenye nguvu zaidi. Tramadoli ikizidi inaweza kuleta degedege. Ikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi, pumzi inaweza kusimama. Vidonge vilivyobaki virudishwe kwenye duka la dawa la hospitali, visiwekwe juu ya kabati vikingoja mtoto.

Arudi hospitalini haraka akiona homa, kidonda kinanuka au kinatoa usaha, tumbo limevimba na kukaza, mguu mmoja umevimba na kuuma, au maumivu yanapanda siku ambazo yangepaswa kushuka. Kwa kawaida, siku ya tano isiume kuliko ya pili.

WAHAMASISHAJI WA AFYA YA JAMII

Wahamasishaji ndio wanaomwona mgonjwa baada ya hospitali kufunga faili. Wanapomtembelea aliyepasuliwa, wana mambo manne ya kuuliza. Maumivu yanapanda au yanashuka? Yako kwenye kidonda au yamesambaa? Anameza dawa gani, ngapi kwa siku, na alizipata wapi? Analala na kupumua vipi?

Majibu hayo hayahitaji kifaa. Yanahitaji mtu aliyeketi akasikiliza. Akiona dalili ya hatari, ampe mgonjwa rufaa siku hiyo hiyo. Asimwambie aache dawa, wala asimwambie aongeze. Uamuzi huo ni wa daktari.

Kwa nyumba zenye mgonjwa wa saratani, ujumbe ni wa namna yake. Mofini ya maji inayotolewa na vituo vya tiba shufaa imewapa watu wengi siku za mwisho zenye utulivu. Huduma hiyo imekuwapo nchini tangu Nairobi Hospice ilipoanzishwa mwaka 1990. Jamaa wasimfiche mgonjwa chupa yake kwa sababu wamesikia kwamba dawa inaweza kuzidisha maumivu. Wakiona haimsaidii tena, warudi kwa waliompa, ili kipimo kitazamwe upya.

Mabibi na mabwana, maumivu hayaonekani kwa picha ya eksirei wala hayapimwi kwa damu. Anayeyajua ni yule anayeyahisi. Mgonjwa anaposema "dawa hii inaniumiza zaidi", maneno hayo yasichukuliwe kuwa utukutu, wala tamaa ya sindano. Yachukuliwe kuwa taarifa ya kitabibu, yaandikwe, na kidonda kiangaliwe kwanza. Kisha daktari aulize swali ambalo Allbutt aliliuliza mwaka 1870.